SIMU YA MKONONI NA PRESHA YA DAMU
Mambo yampasayo mkulima wa skimu kuyajua

Kila mkulima wa skimu za Mtwapa, Tezo-Roka au Ngerenya aliyepata kwenda Mombasa aijua Buxton. Gari litokalo Kilifi hupita Kongowea penye soko kubwa, likavuka daraja la Nyali, na mara huwa limeingia Buxton, kisiwani. Hapo magari husongamana, makanga huita abiria, na watu hushuka kila mmoja na shughuli yake. Yuko aendaye benki kuzungumzia deni, yuko aendaye kuuliza habari za hati ya shamba, yuko aendaye kulipa karo ya mtoto, na yuko aendaye Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo haiko mbali na hapo.

Wenyeji wa Buxton nao wana yao. Mahali palipokuwa na nyumba za zamani za serikali ya mji pamesimama sasa majumba marefu yaitwayo Buxton Point, na wapangaji wa zamani walihamishwa mwaka 2021 ili kazi ya kujenga ianze. Mtu aliyehama nyumba aliyokaa miaka mingi aweza kumwelewa vizuri mkulima asiyejua shamba alilolima miaka ishirini litaandikwa jina lake lini. Kwa hivi fikira za mji na fikira za shamba hukutana pale Buxton, na wengi wa wapitao hapo huchukua pamoja nao ugonjwa mmoja bila kujua. Ugonjwa huo ni shinikizo la damu, ambao wengi wetu twauita presha.

Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa magonjwa yasiyoambukizwa katika nchi nzima. Ilionekana ya kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu, na ya kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima hawajapimwa presha hata mara moja maishani. Basi msomaji asiseme, "Huu ni ugonjwa wa matajiri wa mjini." Umo mashambani, na wengi walio nao hawana habari nao.

Siku hizi watu wengi husema ya kuwa simu ya mkononi yaweza kushusha presha kwa kumtuliza mtu fikira. Je, jambo hili ni kweli? Jibu ni kwamba ni kweli kidogo, na hicho kidogo chafaa kujulikana barabara, ili mkulima apate faida yake asipate hasara.

PRESHA NI NINI?

Mkulima mwenye pampu ya maji ataelewa upesi. Moyo ni pampu, na mishipa ya damu ni mipira ipelekayo maji shambani. Pampu ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi, au mipira ikibanwa, nguvu ya maji huzidi ndani. Siku ya kwanza hutaona kitu. Hata mwezi wa kwanza hutaona kitu. Lakini mwishowe mpira hupasuka mahali ulipo dhaifu. Katika mwili wa mtu mahali hapo huwa ni ubongo, na ndipo hupatwa na kiharusi. Au huwa ni moyo wenyewe, au figo, au macho.

Chombo cha kupimia kwa kufunga mkono kilitengenezwa mwaka 1896 na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, na hata leo twatumia njia hiyo hiyo ya kufunga mkono. Kipimo huwa na namba mbili. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, na namba ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika. Kipimo cha 120 kwa 80 ni kizuri. Kikifika 140 kwa 90 au zaidi, kwa siku mbalimbali, mtu huhesabiwa kuwa ana presha ya juu na yampasa kutibiwa.

FIKIRA HUPANDISHAJE PRESHA?

Mtu akishtuka, kwa mfano akikanyaga nyoka shambani, mwili wake hujitayarisha kukimbia au kupigana. Moyo hupiga mbio, mishipa hubana, na presha hupanda palepale. Nyoka akiisha kwenda zake, presha hushuka. Hapo hapana ubaya.

Shida ni ile fikira isiyoondoka kama nyoka. Deni haliondoki usiku. Barua ya mpaka wa shamba haiondoki. Mvua isiponyesha, mtu hulala macho wazi. Na mtu mwenye fikira nyingi hutafuta cha kumtuliza: mmoja huzidisha sigara, mwingine hutafuna muguka mpaka usiku wa manane, mwingine hunywa mnazi kupita kiasi. Hali kadhalika husahau dawa, huacha kutembea, hula ng'onda na vyakula vingine vya chumvi nyingi kwa kuwa ndivyo vilivyo karibu. Kwa njia hizi fikira hudhuru presha zaidi kuliko kwa ule mshtuko wenyewe.

SIMU INA PANDE MBILI

Kabla ya kusema jinsi simu isaidiavyo, yatubidi tuseme kweli ya kuwa simu hiyo hiyo huleta fikira. Mikopo ya simu hupatikana kwa dakika moja, na deni lake hukaa miezi. Michezo ya kamari ya simu imemaliza pesa za maembe za watu wengi kabla hazijafika nyumbani. Na mwenye kuangalia habari za kutisha katika simu mpaka saa sita za usiku hawezi kulala vema.

Kwa hivi dawa ya kwanza ya simu ni kupunguza madhara yake. Usiku weka simu mbali na kitanda, isipokuwa una mgonjwa nyumbani. Andika madeni yako yote mahali pamoja, ujue ni kiasi gani. Deni lililoandikwa hutisha pungufu ya deni lisilojulikana. Nawe ujue pia haki yako: kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa simu kuwapigia jamaa na rafiki walioandikwa katika simu yako ili kukuaibisha.

Mara nyingine simu yaweza kuondoa fikira kwa kuondoa sababu yake. Mkulima ampigiaye mnunuzi wa Kongowea kabla ya kuchuma maembe hulala vizuri kuliko yule apakiaye gari zima bila kujua bei. Na mtu aliyelemewa kabisa na moyo aweza kupiga namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo haina malipo, akazungumza na mtu aliyefundishwa kusikiliza. Kufanya hivyo si udhaifu.

KAZI YA KWANZA: KUPUMUA POLEPOLE

Kazi ya simu iliyochunguzwa zaidi katika jambo hili ni kumwongoza mtu apumue polepole. Mwaka 2002 Serikali ya Marekani iliruhusu chombo kiitwacho RESPERATE kiuzwe bila cheti cha daktari. Chombo hicho hucheza sauti, na mtu huvuta na kutoa pumzi kwa kuzifuata, mpaka pumzi zake zinapungua chini ya 10 kwa dakika. Mwaka 2013 Shirika la Moyo la Marekani lilitoa maoni ya kuwa kupumua kwa namna hii kwaweza kutumiwa kuwa msaada juu ya dawa na chakula bora. Faida iliyoonekana ni pointi chache tu, na wataalamu hawakubaliani wote juu ya nguvu yake. Lakini haina madhara kwa watu wengi, na mkulima hana haja ya kununua chombo chochote. Programu nyingi za simu za siku hizi zafanya kazi hiyo hiyo kwa kuonyesha duara likuwalo na kupungua. Hata simu ndogo ya kabambe yafaa, maadamu ina saa ya kuhesabu sekunde.

Fanya hivi:

1. Kaa kitini penye kivuli na utulivu. Egemeza mgongo, weka miguu chini, legeza mabega.

2. Weka simu mbele yako, saa ya sekunde ikiwa inakwenda.

3. Vuta pumzi kwa pua kwa muda wa sekunde 4. Usijaze kifua kwa nguvu. Acha tumbo liinuke.

4. Toa pumzi taratibu kwa muda wa sekunde 6. Hiyo ni pumzi moja kwa sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika.

5. Anza kwa dakika 5. Ukizoea, ongeza mpaka dakika 15. Fanya siku 3 au 4 kwa juma, na ukiweza fanya kila siku.

6. Ukiona kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo na amwulize daktari kwanza. Wala mtu asifanye zoezi hili akiwa anaendesha gari au pikipiki, wala akiwa juu ya mnazi.

Asiyeweza kusoma saa ya sekunde na amwombe mtoto wake amrekodie katika simu sauti ya kuhesabu: moja mpaka nne, kisha moja mpaka sita. Ahesabu kwa Kigiriama, kwa Kidigo au kwa Kiswahili, kama mzee apendavyo. Sauti hiyo haitaki intaneti wala haimalizi pesa.

Wengine watasema, "Mimi nina tasbihi yangu yanitosha." Nao hawakukosa sana. Mwaka 2001 wataalamu wa Italia, wakiongozwa na Luciano Bernardi, walitangaza ya kuwa watu waliosali rozari walijikuta wanapumua karibu mara 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata utaratibu mzuri. Jambo la maana ni pumzi iendayo polepole. Simu ni saa tu ya kuiongoza.

KAZI YA PILI: KUKUMBUSHA DAWA

Mazungumzo kama haya yaweza kusikika katika zahanati nyingi za Pwani:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, presha yako leo ni 168 kwa 102. Dawa wameza?"

"Nameza, mwanangu, siku kichwa kikiniuma."

"Na jana?"

"Jana sikuumwa."

Mzee wa namna hii si mjinga. Amezoea dawa ya malaria, ambayo mtu humeza siku chache, akapona, akaacha. Lakini presha si malaria. Presha ni kama magugu. Mkulima hapalilii mara moja akasema shamba lake limekwisha kupaliliwa maisha yake yote. Dawa ya presha humezwa kila siku, siku ya kuumwa na siku ya uzima, kwa sababu presha ya juu mara nyingi haiumi hata kidogo mpaka siku ile ya kiharusi.

Hapa simu yaweza kufanya kazi kubwa. Weka kengele ya simu ilie saa ile ile kila siku, kwa mfano saa moja ya asubuhi kabla ya kwenda shambani. Kengele ikilia, meza dawa kwanza, kisha uizime. Usiizime ukasema utameza baadaye.

Faida ya kukumbushwa kwa simu si maneno matupu. Mwaka 2010 jarida la madaktari liitwalo Lancet lilitangaza kazi iliyofanywa hapa Kenya kwa wagonjwa 538 wa UKIMWI. Nusu yao walipelekewa kila juma ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Nao walijibu "Sawa" au "Shida", na mwenye shida alipigiwa simu na muuguzi. Katika wale waliopata ujumbe, watu 62 kwa mia walimeza dawa zao sawasawa. Katika wale wasiopata, 50 kwa mia. Ama kwa presha yenyewe, mwaka 2016 ilitangazwa kazi ya Cape Town, Afrika ya Kusini, kwa wagonjwa 1,372. Waliopelekewa ujumbe kwa mwaka mmoja walishuka presha karibu pointi 2 zaidi kuliko wale wasiopelekewa. Pointi 2 ni kidogo. Lakini ni kidogo kilichopatikana kwa gharama ya ujumbe mfupi tu.

Mkulima aweza kufanya hivyo nyumbani pasipo kungoja mtu. Mwanao aliye kazini Mombasa au Nairobi na akuulize kila Jumapili kwa simu: "Baba, dawa sawa?" Swali hilo lina faida kuliko "Hujambo?" peke yake.

KAZI YA TATU: KUWEKA HESABU

Mfugaji mwema huandika maziwa ya kila siku. Mwenye presha naye na aandike namba zake. Kila upimwapo, andika katika simu tarehe na namba mbili, au piga picha kile chombo kikionyesha namba. Ukienda hospitali daktari ataona mwendo wa miezi mitatu, wala hatahukumu kwa siku moja uliyokuja mbio ukitoka kwenye msongamano wa Buxton.

Kupimwa siku hizi kumekuwa karibu zaidi. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 katika nchi nzima, mikoba ya kazi yenye chombo cha kupimia presha, pamoja na simu za kuandikia habari za nyumba wazitembeleazo. Mwulize mzee wa mtaa mhudumu wenu ni nani.

Kabla ya kupimwa, kaa kimya dakika 5. Usivute sigara, usinywe kahawa wala kutafuna muguka au miraa kwa muda wa nusu saa kabla yake. Nenda haja ndogo kwanza. Mkono uwe mezani, usawa wa moyo, wala usizungumze wakati wa kupimwa.

JIHADHARI: SIMU PEKE YAKE HAIPIMI PRESHA

Ziko programu zidaizo ya kuwa ukiweka kidole juu ya kamera ya simu utaambiwa presha yako. Usiziamini. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichunguza programu moja ya namna hiyo ambayo ilikuwa imenunuliwa na watu wengi sana. Katika watu waliokuwa na presha ya juu, karibu 4 kwa kila 5 waliambiwa na programu hiyo kwamba hawana. Fikiri hasara yake: mtu mgonjwa huambiwa yu mzima, akaenda nyumbani akaacha dawa. Presha hupimwa kwa chombo kifungwacho mkononi, basi.

Jihadhari pia na matangazo ya mitishamba na mafuta yapitayo katika simu yakiahidi kuponya presha kwa siku saba. Na programu yoyote ya kupumua ikitaka pesa nyingi, kumbuka ya kuwa saa ya simu yako yafanya kazi hiyo bure.

Neno kubwa zaidi ni hili: kupumua polepole hakuchukui mahali pa dawa. Mtu akipumua vizuri mwezi mzima, akapimwa, akakutwa na 128 kwa 82, asiache dawa kwa nafsi yake. Huenda ni dawa iliyoleta namba hiyo. Daktari ndiye apunguzaye.

HALI YA HATARI

Usikae kupumua wala kutafuta programu ukiona haya: upande mmoja wa uso kulegea, mkono au mguu kupoteza nguvu ghafula, maneno kutotoka sawasawa, maumivu makali ya kifua, au kichwa kuuma kwa namna usiyopata kuiona. Vilevile presha ikifika 180 kwa 120 pamoja na dalili kama hizo. Hapo kazi ya simu ni moja tu: kuita gari. Mgonjwa wa kiharusi apelekwe hospitali upesi, kwa maana kila dakika ipitayo ubongo huzidi kuharibika. Usimpe chakula wala kinywaji, asije akapaliwa.

KUMBUKA

Mkulima mwenye presha, au asiyejua kama anayo, na ashike mambo haya:

Pimwa, hata kama hujisikii ugonjwa.

Meza dawa kila siku kwa kengele ya simu.

Pumua polepole, dakika 15, kwa saa ya simu au kwa sauti ya mtoto wako.

Andika namba zako ndani ya simu, umwonyeshe daktari.

Chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa kukaushwa.

Kamari na mikopo isiyo na haja, ziondoe katika simu yako.

Miti ya maembe uliyopanda yataka miaka mingi ya kutunzwa, na hati ya shamba, siku itakapotoka, yataka mwenyewe awepo kuipokea. Juma hili, ukienda sokoni, zahanati au mjini kwa kupitia Buxton, omba upimwe presha. Kupimwa huchukua dakika chache tu, nawe utarudi nyumbani ukijua namba zako.